Picha ya Arobaini na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimebeba beseni la nguo mbichi kichwani. Nilikuwa nimestaafu majuma mawili kabla, baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo, na asubuhi hiyo nilipanda juu ya paa la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Mikindani, kuanika mashuka. Kamba zangu nikazikuta zimefunguliwa. Zilikuwa zimefungia bomba moja jeupe, nene kama paja la mtu, kwenye miguu ya tangi la maji. Pembeni ya bomba hilo walichutama wanaume wawili wakibishana mbele ya laptopu.

Nilikwenda pale kwa shari. Lakini nilipoinama juu yao nikaona kwenye kioo cha laptopu picha mbili nyeusi zilizojaa vitone vyeupe, na kabla sijazungumzia kamba zangu mdomo ukanitoka.

"Ya kulia ina doa," nikasema.

"Wapi?" akauliza yule mdogo, aliyevaa kizibao cha kung'aa cha yadi ya makontena.

Nikaweka kidole. Walikuwa wametafuta kitone hicho kwa zaidi ya nusu saa. Yule mzee mwenye kofia ya kushona kwa mkono akanitazama kuanzia beseni mpaka kandambili.

"Bibi," akasema, "mato hayo umeyapata wapi?"

"Macho haya? Kiwandani," nikamwambia. "Na nyinyi kamba zangu mmezipata wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Barua sikupewa, mshahara sikupewa, na mpaka leo sijapewa. Nilipewa cheo. Yule mzee, ambaye ndiye Mwenyekiti, alinitangaza palepale kuwa Mkaguzi wa Picha, na kamba zangu zikarudishwa jioni yake.

Vijana wa kikundi chetu cha kutazama nyota wameniomba niandike jinsi kazi ilivyofanywa wakati wetu, kwa kuwa siku hizi programu ya kompyuta ndiyo inayolinganisha picha na wao wanakunywa soda. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nitaandika yote, pamoja na habari ya picha ya arobaini na moja. Wengi wenu mmeisikia nusunusu, na nusu mliyoisikia inanipendelea.

Nianze na kiwanda, maana bila kiwanda hamtanielewa. Mkaguzi wa nguo hukaa mwisho wa laini, chini ya taa kali. Shati linamfikia limeshashonwa, na yeye analigeuza mara sita: kola, mabega, mikono, kifua, mgongo, pindo. Anatafuta mshono ulioruka, uzi unaoning'inia na doa la mafuta ya cherehani. Aliyenifundisha ni Bi Msimamizi, mkuu wa laini yetu, mwanamke mfupi wa Kisagala aliyekuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alikuwa na neno moja tu la kazi. Akipita nyuma yako, akiona doa, atakwambia, "Toa." Usimuulize limetoka wapi, wala ni la nani.

"Dorcas," aliniambia siku ya kwanza, "mkono wako ujifunze kutoa kabla kichwa hakijaanza maswali. Kichwa kina maneno mengi."

Mkono wangu ulijifunza. Nilipostaafu ulikuwa unatoa hata nyuzi za nguo za watu kanisani, mbele yangu, wakati wa sala.

Sasa nyota. Mwenyekiti alikuwa fundi wa redio za meli aliyestaafu, mtu wa ukoo wa kale wa Mombasa, akiishi mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Alisoma habari za nyota kwa kuwa, kama alivyosema, amesikiliza mambo ya mbali maisha yake yote na sasa alitaka kuyaona. Alinieleza juu ya paa, siku ileile, kikombe cha chai mkononi. Nyota kubwa ikifa hulipuka, na kinachobaki katikati hujikandamiza mpaka kikawa tufe dogo zito ajabu. Hilo huitwa nyota ya nutroni. Upana wake ni kama kutoka Likoni mpaka Mtwapa, lakini uzito wake unalishinda jua.

"Na hii hapa mnaiona?" nikamuuliza.

"Hatuioni," akasema kwa furaha. "Ni hafifu mno. Darubini yetu haifiki," akalipigapiga lile bomba jeupe.

"Sasa mnatazama nini?"

"Mahala pake."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Kumbe ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Nyota za namna hiyo, mara chache sana, ganda lao hupasuka kama chungu kilichoachwa motoni, zikatoa mwanga wa ghafla. Sisi tuliuita mmweko. Katika eksirei, mionzi isiyoonekana kwa macho, mmweko hupimwa na setilaiti, lakini mwanga wake wa kuonekana kwa macho ni adimu, na mabingwa wenye darubini kubwa hawana nafasi ya kukodolea sehemu moja tupu ya anga kila usiku. Watu kama sisi tunayo. Kwa hiyo duniani kote kulikuwa na vikundi vidogo vya kujitolea, kila kimoja na nyota yake isiyoonekana, vikituma taarifa kwa Mratibu, mama mmoja wa ng'ambo ambaye sikuwahi kumwona sura lakini nilimjua kwa barua pepe zake fupi.

Sisi tulikuwa wanne na vyeo saba. Mwenyekiti alikuwa pia Mkuu wa Kituo na Fundi Mkuu. Katibu, yule mwenye kizibao, jina lake Kilonzo, alikuwa pia Mpigapicha. Alitoka Kitui zamani kuja kufanya kazi ya kupanga malori Changamwe. Wa nne alikuwa Mlezi, mwenye ploti, ambaye kazi yake ilikuwa kutotufukuza.

Kazi ilikwenda hivi. Usiku usio na mawingu Katibu alielekeza darubini mahali petu, na ikifika saa nne kamili kamera inaanza kupiga, picha moja kila dakika, picha sitini. Kisha analala. Asubuhi ananiletea kadi wakati wa chai, mimi nazihamishia kwenye laptopu nazilinganisha moja moja. Kwa hiyo mimi ni mtazama nyota ambaye sikuwahi kukesha hata siku moja. Nilitazama anga ya jana, mchana, nikiwa nimeketi mezani na maandazi.

Mahali petu palikuwa na nyota tano za kawaida zilizokaa kama kola ya shati, mbili huku, mbili huku na moja chini. Nyota yetu ilipaswa kuwa hapo kooni, mahali pa kifungo cha juu. Nililipenda jambo hilo tangu mwanzo. Kola nilikuwa nimezitazama maelfu, na zote zilikuwa na kifungo. Hii ilikuwa kola ya kwanza ambayo kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuwa kifungo hakipo.

Kwenye daftari niliandika neno moja, "Haikuonekana," na pembeni yake kikomo. Kikomo ni mwanga wa nyota hafifu kuliko zote uliyoweza kuiona usiku huo. Bila kikomo neno lako halina maana. Ukisema hukumwona Fatuma soko la Kongowea, nitakuuliza ulipita saa ngapi, ulipita upande wa vitunguu au wa ndizi, na ulikuwa umevaa miwani? Ndipo nitajua kama Fatuma hakuwepo au wewe ndiwe hukuwepo. Daftari letu lilijaa "Haikuonekana" ukurasa baada ya ukurasa, na Mwenyekiti alilitembeza kwapani kama cheti cha ndoa.

Madoa ndiyo yaliyokuwa adui. Kamera huchoka, hutoa kitone mahali ambapo hakuna kitu. Tena kuna chembe zinazotoka huko mbali angani, hazionekani, zikigonga kamera zinaacha alama nyeupe. Ndege zinazotua pale uwanjani nazo zilituchorea mistari mpaka nikazijua ratiba zake. Mwenyekiti akaweka kanuni, ameiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari. Kitone kikionekana katika picha mbili zinazofuatana, kiripotiwe. Kikionekana katika moja tu, ni doa, na doa hutolewa.

"Nyota haiyi mara moya ikenda zake," alisema. "Ikiya itakaa kidogo, inshallah, tuamkiane."

Kanuni hiyo ilinikaa mkononi kama mkasi wangu wa zamani. Kila asubuhi nilitoa picha moja, mbili, wakati mwingine tano. Na kwa kuwa laptopu yetu ilikuwa ya mtumba, nafasi yake finyu, nikishatoa nilimwaga kapu la takataka la laptopu papo hapo. Folda zangu zilikuwa safi. Katibu alipoona namba zimeruka hakuuliza kitu, alijua ni madoa.

Tulihama mara mbili. Mikindani tuliondoka kwa sababu ya taa za barabara kuu, zilizokuwa zikiongezeka kila tukigeuka. Tukaenda kwa Mwenyekiti, Ziwa la Ng'ombe, na huko nako mitaa ile ina harusi nyingi kuliko nilivyodhani watu wanaweza kuoana. Kila mwisho wa juma taa za rangi na turubai, na taarabu inatikisa darubini, mpaka picha za Jumamosi zilikuwa na nyota zinazocheza. Kituo cha tatu kilikuwa Mtongwe, upande wa Likoni, katika shamba dogo la marehemu kaka yake Mwenyekiti. Giza la huko lilikuwa zuri. Katibu alijenga kibanda, akawa analala huko na asubuhi anapita Dongo Kundu kwa pikipiki mpaka mlangoni kwangu, kisha ndipo anakwenda zake kazini Changamwe. Jioni, kabla ya kurudi, anafuta kadi iwe tayari kwa usiku mwingine.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo niliposema mtasikia yote.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano. Picha za usiku wa Jumanne zilikuwa nzuri kupita kawaida, anga limetulia, kikomo cha mbali ambacho hatukuwahi kukifikia. Nilikuwa na haraka kidogo kwa kuwa nilikuwa nimeloweka maharagwe. Nilipofika picha ya arobaini na moja, kola ilikuwa na kifungo.

Mkono ulisimama. Hilo nataka lijulikane. Ulisimama kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Doa la kawaida lina kingo kali, kama limekatwa kwa wembe. Hili lilikuwa la mviringo, laini pembeni, sawa na nyota zile tano. Nikatazama picha ya arobaini, koo tupu. Nikatazama ya arobaini na mbili, koo tupu. Picha moja tu. Kanuni nikaijua, Bi Msimamizi nikamsikia nyuma ya shingo yangu. Nikatoa. Nikamwaga kapu. Nikaandika "Haikuonekana," na kikomo, na sahihi yangu, nikaenda kuinjika maharagwe.

Alhamisi jioni Katibu alikuja bila kutegemewa. Alibisha hodi huku ameshaingia, simu mkononi.

"Mama, hii kitu ni kubwa," akasema. "Mratibu ameandika. Setilaiti imeshika nyota yetu. Ya kwetu, Mama. Imelipuka Jumanne, saa nne na dakika arobaini na nusu hivi, saa za hapa. Anauliza nani alikuwa anatazama. Kwingine kote ni mchana ama mawingu. Ni sisi tu."

Nilikaa chini. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, ingawa sikuhitaji. Picha ya kwanza huanza saa nne kamili. Dakika ya arobaini na nusu imo ndani ya picha ya arobaini na moja.

Katibu alifungua folda mwenyewe. Thelathini na tisa, arobaini, arobaini na mbili, arobaini na tatu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, lakini si kwa kunishuku.

"Si hii ni bahati mbaya," akasema. "Hiyo moja ilikuwa na doa. Basi. Tulishaandika haikuonekana, nitamjibu haikuonekana. Ama?"

"Ngoja mpaka kesho," nikamwambia. "Usijibu."

"Kwa nini?"

"Ngoja nilale nayo."

Akaniacha. Na mimi, watoto wangu, nawaambia ukweli, niliogopa. Hakuna aliyejua ila mimi. Kadi ilikuwa imeshafutwa mara mbili, kapu limemwagwa. Ningesema lilikuwa doa la ndege na hakuna mahakama ambayo ingenipinga. Kwa upande wa pili, ningesema kweli, na Mwenyekiti angejua kwamba kitu alichokisubiri kwa miaka yote ile kilikuja mlangoni, na aliyekifukuza ni yule aliyemsifu macho. Nilikuwa na jina moja tu uzeeni, nalo ni Mkaguzi. Sikutaka kulipoteza.

Asubuhi nilikwenda Ziwa la Ng'ombe. Mwenyekiti alikuwa kwenye karakana yake ya uani akichomea waya wa redio, moshi wa risasi ya kuchomea ukimzunguka kofia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Mkaguzi. Karibu ukae. Umepata habari?"

"Nimepata. Na ninayo nyingine." Nikamweleza. Sikupamba. Nilimwambia jinsi mkono ulivyosimama, kingo zilivyokuwa laini, na jinsi nilivyotoa hata hivyo.

Aliweka chombo chake cha kuchomea juu ya kigae. Akapekua chini ya waya mezani. Kisha akanisogezea kipande cha karatasi na penseli.

"Uliiona kwa mato yako?"

"Niliiona."

"Nitilia hapa. Ilikuwa wapi?"

Nikachora zile nyota tano, kola yangu, kisha nikatia nukta kooni, mahali pa kifungo. Mwenyekiti akaishika karatasi kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka bila aibu yoyote, huku anacheka.

"Basi ilikuya," akasema. "Wallahi ilikuya. Mimi nilidhani nitakufa kabla haiyaya."

"Nimeitupa, Mwenyekiti."

"Umeitupa kwa kanuni yangu. Kosa hili tuligawe, nusu lako, nusu langu."

"Kanuni ni yako," nikamwambia, "lakini mkono ulisimama, na mkono ni wangu. Usinigawie changu."

Akanitazama, akacheka tena, na nikajua kwamba mzee huyu hataniacha. Nilijifuta uso kwa leso. Halafu akasema neno la kikubwa, kwamba tutamwandikia Mratibu kama nilivyomweleza yeye, bila kupunguza.

Kwanza tulijaribu kuiokoa. Karibu na soko la Kongowea palikuwa na fundi wa kompyuta aliyesifika kwa kufufua vilivyofutwa. Tulikaa kibandani kwake kutwa nzima, Mwenyekiti, Katibu na mimi, mikokoteni ikitupita na viazi. Alasiri fundi akapiga makofi. Amefufua picha mia mbili. Tukainama wote watatu. Zilikuwa za harusi ya yule aliyekuwa na laptopu kabla yetu, bibi harusi mnene mwenye tabasamu zuri, keki ya ghorofa nne, na mbuzi aliyeingia katika picha ambazo hakualikwa. Ya arobaini na moja haikuwemo. Mwenyekiti alisema angalau mtu fulani ameonekana.

Katibu yeye hakucheka. Alikuwa amekesha Mtongwe na mbu kwa ajili ya picha hiyo. Siku tatu hakusema nami, kadi alikuwa akiipitisha chini ya mlango na kuwasha pikipiki. Siku ya nne nilimvizia nikiwa na chapati.

"Mama, mimi sijakasirika na wewe," akasema, ingawa alikuwa amekasirika. "Nimekasirika na hiyo kapu."

"Kapu sasa halimwagwi tena," nikamwambia. "Kula."

Akala. Na tangu hapo tukaandika kanuni mpya juu ya ile ya wino mwekundu, kwamba doa huwekwa kando na kuandikwa namba, halitupwi.

Barua kwa Mratibu niliitunga mimi na Katibu akaigeuza lugha. Nilisema mimi, Mkaguzi wa Picha, niliona kitone laini mahali pa nyota katika picha moja, nikaitoa kwa kudhani ni doa, na kwamba neno "Haikuonekana" la usiku huo si la kweli na sahihi yake ni yangu. Jibu lilikuja kesho yake. Katibu alinisomea akiwa amesimama.

Mratibu alishukuru. Alisema hawezi kuandika kwamba tumepata mmweko, kwa kuwa hakuna picha. Nilitazamia hilo na bado liliniuma. Lakini aliitaka ya arobaini na ya arobaini na mbili, zote mbili, siku hiyohiyo. Picha hizo zilikuwa safi na kikomo chake kizuri, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nazo. Zilionyesha kwamba dakika moja kabla nyota ilikuwa kimya, na dakika moja baadaye ilikuwa kimya tena. Mpaka hapo wataalamu walibishana kama mwanga wake hufifia polepole kwa nusu saa au hukatika mara moja. Koo letu tupu liliwajibu kuhusu usiku ule.

Aliuliza mambo mawili mengine. La kwanza, katika miaka yote, ni picha ngapi zilitolewa? Ikabidi nijibu kwamba sijui. Basi akatutaka tupitie daftari lote, na kila usiku uliokosa picha tuuandike "Pungufu." Tulifanya kazi hiyo mwezi mzima kwenye meza yangu. Mwenyekiti alilegeza kofia na kuandika neno hilo kwa mkono wake mzuri, ukurasa kwa ukurasa, na kila akiliandika alikunja uso kama mtu anayemeza dawa. Daftari lake halikuwa tena cheti cha ndoa. Lilipokwisha akalitia kwapani vilevile, akasema sasa ndilo daftari.

Jambo la pili aliuliza kitone kilikuwa cha rangi gani. Kamera yetu haikuwa na rangi, lakini nilimjibu kama nilivyoona. Cheupe, kama kifungo cha shati la shule.

Taarifa ya Mratibu ilipotoka, picha zetu mbili zilikuwemo, na chini yake mstari mmoja kwamba mkaguzi wa Mombasa ameeleza kuiona na kuiondoa picha iliyokuwa katikati. Katibu aliupiga chapa mstari huo akaubandika kibandani Mtongwe. Nilimwambia autoe. Hakuutoa.

Nilifanya kazi miaka mingine minne baada ya hapo. Hatukuona mmweko tena. Nilijaza kapu la madoa mpaka tukanunua diski ya pembeni kwa ajili yake tu, na kila mwezi Mwenyekiti na mimi tulikaa tukayapitia madoa yale moja moja kwa heshima. Yote yalikuwa na kingo kali. Kazi ilikuwa tamu kwangu kuliko mwanzo, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sasa nilipoandika "Haikuonekana" nilikuwa nimetazama kweli.

Kisha ukaja mtoto wa jicho. Nilifanyiwa upasuaji macho yote mawili, moja baada ya lingine, na sasa nawaona watu, naona mchele ukiwa na mawe, lakini vitone hafifu vimenitoka. Nilimwendea Mwenyekiti nikamwambia nastaafu mara ya pili. Alisema kustaafu kazi isiyo na mshahara ni jeuri, lakini alikubali.

Siku ya kuniaga walikuja Mikindani wote, na keki isiyo na ghorofa. Walinipa fremu ya mbao ya mvule, Mwenyekiti ameichonga mwenyewe karakanani. Ina madirisha matatu. Kushoto ni picha ya arobaini, kulia ni ya arobaini na mbili. La katikati ni karatasi nyeusi tupu nyuma ya kioo. Katibu alijidai anafunga kamba ya kiatu.

Mnaniuliza mimi kazi hii ina faida gani. Sijui niwajibu nini kilicho kikubwa. Nilikuwa na furaha. Nilikaa na watu wema, nikatazama mahali patupu kwa makini, na siku moja hapakuwa patupu. Nyinyi mna programu, nayo ina macho makali kuliko yangu. Ila iulizeni mara kwa mara imetupa nini.

Mwezi uliopita Bi Msimamizi alinitembelea. Sasa anatembelea mkongojo, lakini sauti ni ileile, jirani wa chini alijua amefika. Kabla hajaketi alishaikagua sebule yangu yote, pazia, vitambaa vya makochi, na hatimaye akasimama mbele ya fremu. Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Dorcas."

"Abee, Bi Msimamizi."

"Hii ina kasoro. Hapa katikati hamna picha."

"Hiyo ndiyo niliyoiona mimi," nikamwambia. Nikamsimulia yote, kola, kifungo, mkono uliosimama, na neno lake moja lililonisukuma. Alisikiliza bila kugeuka. Nilipomaliza alipitisha kidole juu ya kioo cha katikati, taratibu, kutoka juu mpaka chini, kama alivyokuwa akipitisha juu ya kola mwisho wa laini.

"Hii," akasema, "usitoe."